Nyaya za Bluu Ukutani kwa Mama Ngasa

Fundi,

Walikufunga vibaya. Nianze na hilo, maana ndilo ninaloamka nalo kila siku. Wewe uliyekuwa huwezi kuona waya umejikunja nyuma ya televisheni ya watu ukanyamaza, wewe uliyewahi kubomoa kazi ya siku nzima kwa sababu nyaya mbili zilipishana, walikufunga mikono kwa waya wako mwenyewe wa bluu, fundo juu ya fundo, kama mbuzi wa mnadani. Na walipomaliza kukufunga ndipo wakaanza kukuponda vizuri.

Naandika nikiwa sakafuni, sebuleni kwa Mama Ngasa, mgongo nimeuegemeza kwenye kochi. Ukuta wetu uko mbele yangu. Ndiyo, ule ule. Nimeumaliza leo asubuhi. Saa nane mchana natakiwa niwe nimefika polisi, na kabla sijaenda nataka nikwambie mambo ambayo mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu. Nisipoandika nitavunja kitu, na humu ndani si kwangu.

Ulikuwepo, najua, lakini kuna vipande hukuviona.

Unakumbuka Mama Ngasa alivyotuachia ufunguo. Alikuwa anawahi treni ya kwenda Tabora, kwenye msiba wa shangazi yake, begi liko kichwani, anaongea huku anatembea. Akasema akirudi anataka akute ukuta kama wa watu. Tukafungua mlango, tukasimama. Ruta imening'inia kwa waya wake wa umeme. King'amuzi juu ya kabati, mashine ya kamera za ulinzi juu ya king'amuzi, ekstensheni tatu zimechomekwa moja ndani ya nyingine, na chini nyaya chungu nzima zimelala kwenye vumbi na mavi ya mijusi. Uliguna ukasema, "Vero, huu si mtandao, huu ni utumbo." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ulikuwa na kawaida zako, na Mpanda nzima sikuona fundi mwingine mwenye nazo. Ya kwanza, hufungui begi la vifaa mpaka umesalimia. Balozi wa nyumba kumi kwanza, halafu jirani wa kulia, halafu wa kushoto. "Salamu kwanza, bisibisi baadaye." Ya pili, hupangi kitu juu ya uchafu. Unashusha vyote, ruta, swichi ya mtandao, king'amuzi, kila waya, unavitia kwenye kiroba, unavitoa nje kwenye mwanga. Unatandika mkeka, unapiga brashi, unalaza nyaya moja moja na kuzipa majina. "Ukuta unavuliwa nguo zote," ulisema, "halafu unavishwa upya." Wenzako walikucheka kwamba unapoteza muda. Mimi nilikupenda kwa hilo, Fundi. Nilikuja kwako nina miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, nimechoka kuuza vocha kwenye kibanda pale stendi, na wewe hukuuliza mwanamke anataka nini kwenye ngazi. Ulinipa bisibisi tu.

Sasa sikiliza kipande cha kwanza.

Siku ile ulinituma kwa balozi. Uliniambia, "Kamsalimie Mzee Kapama, mwambie tuko kwa Mama Ngasa mpaka jioni." Nikaenda. Nilifika pale kwenye kona, nikamwona amekaa kibarazani kwake anapukuchua mahindi, na miguu ikagoma. Unamjua yule mzee kwa maneno. Kila nikipita ni yale yale: mume anakuruhusu kupanda ngazi? Mtoto umemwachia nani? Na hiyo suruali? Siku ile nilikuwa nimeamka vibaya, nimegombana na mama nyumbani, nikasema potelea mbali, simpi mtu nafasi ya kunisimanga asubuhi yote hii. Nikageuza pale pale kwenye kona. Ukaniuliza, "Umemsalimia?" Nikasema, "Nimemsalimia, kasema sawa."

Nilikudanganya, Fundi. Ukasema, "Vizuri." Majirani wa kulia na kushoto walikuwa wameshatoka, ukafungua begi.

Tulichora mistari. Wewe na pimamaji, mimi na penseli. Ukabandika ile karatasi ya gundi pembeni ya meza, ukaandika majina ya nyaya zote kabla hatujagusa hata mmoja, mara mbili mbili, maana ulikuwa huniachi nisahau: kila waya uwe na jina ncha zote mbili, ukiwa na jina upande mmoja unakudanganya. Halafu ukagonga ukuta, plasta ikamwagika, ukasema skrubu zetu ni fupi, niende duka la vifaa karibu na stesheni nilete za inchi mbili. Nikaenda. Na nilikawia. Nilisimama kunywa soda, jua lilikuwa kali. Nikiwa nakunywa soda, wewe ulikuwa unatoka mlango wa Mama Ngasa na kiroba begani, ndani ya kiroba ruta, king'amuzi na mashine ya kamera, mtu ambaye wengi mtaa ule hawamjui, kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua mwenyewe kasafiri.

Nilisikia kelele kabla sijavuka reli. Mwizi, mwizi. Halafu honi za bodaboda, zile ndefu, wanavyoitana. Sikukimbia. Haki ya Mungu sikujua kama ni wewe. Nilidhani ni mwizi kama wezi wengine, na nikuambie ukweli mwingine mchafu: nilitembea haraka ili nione.

Walikuwa kama hamsini. Nilijipenyeza katikati ya watu nikaona mkeka wetu. Nikaona ruta imekanyagwa, imefunguka tumbo. Nikaona brashi. Halafu nikakuona wewe, umepiga magoti, shati limechanika mpaka kiunoni, mikono nyuma, waya wa bluu umekuzama kwenye ngozi. Jicho moja lilikuwa limeshafumba. Meno ya mbele hayakuwepo. Ulikuwa unasema, damu inatoka na maneno, "Mimi ni fundi. Muulizeni balozi. Balozi anajua."

Na walikuuliza, Fundi! Hicho ndicho kinachoniua. Si kwamba hawakuuliza. Mtu mmoja alikuwa ametumwa mbio kwa Mzee Kapama, akamkuta pale pale na mahindi yake, akamuuliza kama kuna fundi kwa Mama Ngasa. Nilifika wakati anarudi. Alipaza sauti toka mbali, ameinua mikono, "Balozi hana taarifa! Hana taarifa!"

Uliinua kichwa. Nilikuona unafikiri. Ulikuwa unatafuta kosa, kama unavyotafuta waya mbovu, taratibu, toka mwanzo. Halafu ukaanza kuniita. "Vero! Vero, waambie! Vero!"

Wakakupiga kwa sababu ya hilo jina. Mmoja akasema anamwita mkewe, wakacheka. Tofali la kwanza lilikupata begani. Sikuona nani kalirusha. La pili nililiona vizuri sana, lilitoka hatua nne kutoka niliposimama, mkono wenye jaketi la bodaboda la kijani, na mimi jaketi lile nilikuwa nimelifua jana yake. Ni Deus. Mdogo wangu Deus, aliyekuja mjini juzi tu kutoka Majimoto kuendesha pikipiki, ambaye nilikuwa nimemwahidi Jumapili namleta kwako akusalimie. Alikuwa hakujui sura. Alikulenga kichwani. Alirusha, akaokota lingine, akarusha tena, na usoni alikuwa na furaha. Sidanganyi. Alikuwa na furaha kama mtu anayecheza mpira na wenzake.

Ulianguka kwa ubavu. Wakaingia kwa miguu. Kuna mmama alikuwa na mchi, alikupiga nao magotini, kila akipiga anasema jina la kitu alichoibiwa. Simu. Kuku. Sufuria. Nilisikia mfupa, Fundi. Unasikika kama kuni.

Na wewe bado ulikuwa unaita. Sauti imekuwa ndogo. Vero.

Ndipo mwanamke mmoja akasema, "Alikuja na mwenzake, wa kike, kavaa suruali. Nilimwona asubuhi." Watu wakaanza kugeuka. Nilikuwa nimevaa suruali. Nilikuwa nimejifunga kitenge juu yake kwa ajili ya jua, nikakivuta mpaka chini. Pakiti ya skrubu nikaisukuma ndani ya blauzi. Kijana mmoja, mikono yake ina damu yako, akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "We dada, unamjua huyu?"

Nikasema, "Simjui. Mimi napita tu."

Ulinisikia. Najua ulinisikia, kwa sababu uliacha kuita. Lile jicho zima lilinitafuta likanipata. Ungeweza kusema, "Ni yule pale." Wangenimaliza na mimi. Hukusema. Ulifunga mdomo, wakaendelea kukupiga, na hukufungua tena. Mpaka leo sijui kama ulikata tamaa na mimi au ulikuwa unanificha. Nikifikiri ulikata tamaa natamani kufa. Nikifikiri ulikuwa unanificha natamani kufa zaidi.

Aliyekuokoa, kama kuna kuokolewa pale, ni Mzee Kapama. Baada ya kusema hana taarifa moyo ulimkatalia, akavaa viatu akaja mwenyewe kuangalia. Alifika anahema, akawapasua watu kwa fimbo, anachapa migongo bila kuchagua, anatukana matusi ambayo sikujua mzee wa kanisani anayajua. Alipokuona akapiga kelele. "Huyu ni Maganga! Huyu ndiye kanifungia taa zangu! Mbwa nyie, mmeua fundi!" Uwanja ukawa mtupu ndani ya dakika moja. Pikipiki zote ziliwashwa kwa pamoja. Deus aliondoka akiwa amebeba watu wawili nyuma.

Mzee alikupakia kwenye bajaji, kichwa chako mapajani kwake. Alihangaika kufungua ule waya, mafundo yamekaza, akaomba kisu, hakuna aliyempa. Mimi nilikuwa nyuma ya mwembe wa jirani na kisu cha kuchunia waya mfukoni. Hukufika hospitali.

Fundi, niache nipumue kidogo.

Tulikuzika kwenu Mwese. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, fuso ilikwama kabla ya kijiji, wanaume wakakubeba begani mlima mzima, jeneza linateleza, tope mpaka magotini. Mkeo Mama Tuma alinikumbatia akaniita mdogo wangu. Aliniuliza, tena kwa upole, "Ulikuwa wapi siku ile?" Nikasema dukani. Nikasema nilirudi nikakuta umeshapelekwa hospitali. Akanishukuru kwa kuja. Akanipa chai. Niliinywa yote, na nilivyoshuka ule mlima nilitapika mara tatu.

Baada ya hapo nilikuwa mtu mbaya. Nilimpiga mwanangu Siwema kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, mtoto wa miaka saba, mpaka mama akaninyang'anya. Sokoni nilishikana na muuza dagaa kwa sababu alisema mwizi wa kule ng'ambo ya reli alistahili. Nilimng'oa kilemba na nywele zake. Kila nikiona tofali nilipima uzito wake kwa macho. Nilitaka nimkute yule mmama wa mchi peke yake. Nilipanga hata pa kumsubiri.

Halafu nikaenda kwa Deus. Alikuwa chumbani kwake mchana, amejifunika shuka, toka siku ile alikuwa haendi kijiweni. Nilikwenda na kipande cha waya wa bluu kutoka kwenye roli yako, kama mita mbili, nimeukunja mara mbili mkononi. Sikumsalimia. Nilimchapa toka mlangoni mpaka ukutani, mgongo, mikono, uso, waya unapiga mluzi, ngozi inafunguka. Nilikuwa nasema jina lako kila nikipiga, na nilipojisikia nasema jina kila nikipiga nikamkumbuka yule mmama wa mchi, na bado sikuacha. Hakuinua mkono. Ana nguvu kuliko mimi mara mbili na hakuinua mkono. Mwishoni akasema, "Nilidhani ni mwizi, dada. Wote walikuwa wanapiga." Nikampiga tena. Ndipo akaniuliza, analia, makamasi na damu, "Ni fundi wako. Wewe ulikuwa wapi?"

Mkono ulibaki juu, Fundi. Niliuweka ule waya kitandani kwake nikatoka.

Wamekamatwa watatu. Yule mmama yumo. Deus hayumo, hakuna aliyemtaja, na mama yetu anataka ibaki hivyo. Anapiga magoti kabisa. Anasema tumenyonya ziwa moja, anasema nitamuua yeye kwanza, anasema marehemu harudi. Mimi ningenyamaza. Nikuambie tu ukweli, ningenyamaza mpaka nizeeke, mwoga ni mwoga. Lakini ndugu wa wale watatu wameanza kuzunguka mjini. Wanasema kweli Mama Ngasa alikuita kupanga vitu ukutani, si kuvitoa nje. Fundi gani anapanga ukuta kwa kubeba kiroba? Wanasema ulikuwa unaondoka navyo, na ufundi ni geresha. Wanasema kama alikuwa na msaidizi, huyo msaidizi yuko wapi? Maneno yamepanda mpaka Mwese. Tuma wako anaitwa mtoto wa mwizi shuleni. Amerudi nyumbani siku mbili mfululizo na nguo imechanwa.

Mtu anayeweza kueleza kile kiroba ni mmoja tu duniani, na ni mimi.

Wiki iliyopita Mama Ngasa alinipigia. Polisi wamemaliza na nyumba yake, ukuta uko vile vile, hawezi kuutazama. Akaniomba nimalizie au nifute, nichague. Nimeingia juzi. Mistari yetu ya penseli ipo. Karatasi ya gundi ipo pembeni ya meza, majina yamepangwa, maandishi yako yale ya kulala upande mmoja: RUTA, RUTA. KAMERA MLANGO, KAMERA MLANGO. KAMERA BANDA, KAMERA BANDA. Nikawa nayasoma moja moja mpaka la mwisho, ambalo halikuwa jina la waya. Uliandika, "Swichi afunge Vero mwenyewe, mimi nisimguse." Uliiandika nikiwa dukani. Miaka miwili umekuwa ukinishikia ngazi na kunisahihisha, na siku ile ulikuwa umeamua kazi ya katikati ni yangu.

Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja dirishani.

Lakini sikuanza kazi. Nilifunga mlango nikaenda kwa balozi. Mara hii nilifika mpaka kibarazani. Fundi, yule mzee kaisha. Mahindi yamo kwenye beseni, hayapukuchui, anayatazama tu. Sikuulizwa mume, sikuulizwa suruali. Alisema, "Karibu mwanangu," akarudi kutazama mahindi. Mke wake aliniambia toka siku ile haongei, hali vizuri, anasema neno moja tu akiwa peke yake: sina taarifa, sina taarifa. Anaamini yeye ndiye aliyekuua kwa mdomo wake.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nikamwambia. Nilimwambia asubuhi ile nilitumwa kwake nikaishia kwenye kona. Nikamwambia kwa nini. Nikamwambia ulivyoniita na nilivyojibu. Nikamwambia kisu kilikuwa mfukoni mwangu wakati anahangaika na fundo. Nikamwambia jaketi la kijani ni la nani. Nilikuwa nasubiri fimbo, na nilikuwa naitaka. Aliishika kweli. Akainuka, akaiinua, na mimi nikainamisha kichwa. Ilipiga ukuta, Fundi, karibu na sikio langu, ikavunjika vipande viwili. Halafu akakaa, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia kama mwanamke aliyefiwa. Alisema, "Ungekuja tu. Ningekutania, ningekupa mahindi ya kuchoma, na ningekuja kukaa na nyie pale. Sina kazi mimi." Ndivyo alivyosema. Kwamba hana kazi.

Basi nikafanya kazi yako. Siku mbili, peke yangu. Nimevua ukuta wote, kilichobaki nimekitia kwenye kiroba, nikakitoa nje, mbele ya macho ya mtaa mzima, nikatandika mkeka pale pale. Walikuja kusimama uani, wanaume kwa wanawake, wananitazama napiga brashi, nalaza nyaya, nabandika majina ncha zote mbili. Wengine niliwajua sura kwa sababu niliwaona siku ile, na wao walijua nawajua. Kuna mmoja alishindwa, akaondoka anajifuta uso kwa shati. Sikumhurumia. Nilitamani kumfuata na nyundo. Nikaendelea kupiga brashi.

Ubao wa mninga uliouranda mwenyewe ndio umeshika kila kitu. Mama Ngasa kanunua ruta mpya, iko juu, swichi chini yake, mashine ya kamera kulia ili ipate hewa. Nyaya zinashuka pamoja, nimezibana kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kama ulivyonifundisha, kwa sababu vibano vya plastiki vinauma na joto la hapa linavikatisha. Hakuna hata mmoja unaopishana. Swichi nimeifunga mwenyewe kwa zile skrubu za inchi mbili. Zilikuwa bado ziko kwenye blauzi ile, sikuwa nimeifua. Taa zinawaka kijani. Ungetafuta kosa ungelipata, najua, upande wa kushoto nimepinda kidogo kama unene wa ukucha. Nimeacha hivyo hivyo.

Asubuhi hii nilipita kwa Deus. Nilimwambia naenda saa nane, aende mwenyewe kabla, ni bora kwake. Usoni bado ana makovu ya waya. Nilipoondoka alikuwa anafuta pikipiki ambayo tayari ni safi. Sijui atafanya nini. Mama hanisemeshi toka nilipomwambia jana, na sidhani kama atanisemesha tena.

Mzee Kapama yuko nje, namwona dirishani. Kavaa koti lake la kanisani na jua lote hili. Anasema tutakwenda wote, na yeye ana la kwake la kuandikisha. Ameanza tena maneno, kidogo. Sasa hivi ameniuliza kama nimekula.

Haya, Fundi. Pumzika kule mlimani, na kama kuna kuta huko, Mungu akupe za tofali la kuchoma. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, hiyo ni rahisi mno. Nitapanda Mwese kwa miguu nimwambie Mama Tuma mdomo kwa mdomo, anipige akitaka. Nitakwenda shuleni kwa Tuma nimweleze kiroba ni cha nini, mbele ya wenzake. Na kila mtaa nitakaofanya kazi, nikiachwa nifanye kazi tena, nitasalimia kwanza, hata nikiulizwa mume.

Na pale polisi sitaanza na Deus. Jina lake nitalitaja, lakini la pili. Watafungua daftari, wataniuliza kama nilivyoulizwa uani siku ile, unamjua huyu. Nitawaambia namjua. Ni fundi wangu, na nilikuwepo.

Vero